Shuka la alfajiri

Ilikuwa Ramadhani, saa kumi kasoro usiku hivi, nimeamka kupasha daku nikasikia maji yanamwagika uani. Nikadhani paka kapindua ndoo. Kuchungulia dirisha la jikoni namwona mwanangu wa kwanza, miaka 14, yupo kidato cha pili, kachuchumaa kwenye beseni anafua shuka. Huyu mtoto ukimwambia afue soksi zake mwenyewe anakuangalia kama umemtukania ukoo, leo anafua shuka zima gizani bila kutumwa, na anasugua polepole kama mwizi maana hataki hata povu lisikike.

Nikarudi kwenye sufuria kama sijaona kitu.

Tukakaa kula. Yeye kainamisha kichwa, tonge halimshuki, mara akauliza huku anaiangalia sahani, "Eti mtu akiota usiku, saumu yake inaharibika?" Mama yangu, tunaishi naye, akameza chai akamjibu palepale, haiharibiki mjukuu wangu, aoge tu janaba. Kama kaulizwa bei ya nyanya. Ingeishia hapo ingekuwa vizuri sana, lakini mimi ndo mama, nikaona lazima na mi niseme neno, nikasema: "Na ujue tu, ukimpa mimba mtoto wa shule ni miaka 30 jela."

Kimya. Mtoto kauliza saumu, mama yake kampeleka gereza la Maweni.

Nisieleweke vibaya, sheria ipo na sio ya mchezo, ile ya elimu ilirekebishwa 2016 na hiyo miaka 30 imo humo. Ila yeye hakuuliza sheria. Aliuliza kitu kidogo kilichomtisha usiku, mwili wake umefanya jambo bila ruhusa yake, nami nikamjibu kwa kesi. Akanyanyuka akanawa mikono, na siku nne nzima alikuwa ananiitikia "naam" na "ndio" basi.

Mchana wake saumu imeshika, nimejilaza chini kwenye sakafu maana joto la Tanga mwezi wa tatu mnalijua, nikawa najiuliza hilo neno nimelitoa wapi. Halikuwa langu. Nilivyozidi kulisikiliza nikaitambua ile sauti, ni ya shangazi yangu, mwaka 1995.

Mwaka huo nina miaka 13, tunakaa Ngamiani, zile barabara za namba. Nimevunja ungo siku ya Jumatano nikitoka chuoni, yani madrasa. Mama aliona, hakusema kitu na mimi, akamwita shangazi, shangazi akamwita somo. Ndo ilivyo kwetu pwani, mama mzazi hazungumzi na bintiye mambo hayo, anazungumza somo, na somo akishakufunda we ni mwali wake mpaka mmoja wenu azikwe, hata leo yule bibi nikimwona njiani namsimamisha bodaboda nashuka namwamkia. Nikawekwa ndani siku saba. Nikafundishwa sodo, vile vipande vya kanga kuukuu, namna ya kukunja, namna ya kufua kwa maji ya baridi kwanza ndo uweke sabuni, na kuanika. Kuanika ndo kulikuwa somo lenyewe. Unaanika chini ya kanga nyingine, jua lipite ila jicho la mtu lisipite. Mengine ya mume na unyumba yalikuja kwa mafumbo na nyimbo, sikuyaelewa, mimi nilikuwa nawaza ubwabwa utaiva saa ngapi.

Siku ya mwisho shangazi akanishika kidevu akaniambia, kuanzia leo mwanaume asikuguse, akikugusa tu, mimba.

Basi. Hivohivo. Akikugusa tu.

Na mi nilikuwa mtoto wa kushika maneno. Wiki mbili baadae nimetumwa mafuta ya taa na sukari robo, yule kijana wa duka la Mpemba ananirudishia chenji, vidole vyake vikagusa kiganja changu. Vilikuwa na unga wa sembe, naukumbuka mpaka leo ule unga, kwa sababu nilifika nyumbani nikaufuta kwa jivu na limao.

Mwezi uliofuata sikuona siku zangu. Na wa pili yake sikuona.

Sasa hivi najua kwamba msichana akishavunja ungo, mwaka wa kwanza hata wa pili siku zake zinaweza kuruka zitakavyo, mwili bado unajipanga. Hilo niliambiwa na nesi kliniki nikiwa na mimba ya huyuhuyu mfua shuka, yani nimekaa na hiyo siri ya sembe miaka yote hiyo ndo naambiwa kwenye benchi la kliniki kwa mkato, nesi mwenyewe anaandika kadi ya mtu mwingine. Lakini 1995 mimi nilikuwa mjamzito wa chenji. Nilikuwa nafunga tumbo kwa kanga chini ya sare ya shule, nalala chali napima kwa kiganja, na nilishaamua kabisa kwamba nikijifungua mtoto nitampeleka kwa bibi Pangani na mi nitajitupa baharini, yani mpango ulikuwa kamili, kilichobaki ni nauli. Mwezi wa tatu zikaja, Jumatatu, nikiwa mstarini. Nililia chooni kwa furaha mpaka mwenzangu akaenda kuita mwalimu.

Sikumwambia mtu. Ila toka siku ile nikawa nimejua kitu, kwamba wakubwa wanadanganya. Na kama la kuguswa ni uongo, basi kwa akili yangu ile na mengine yote waliyosema ni uongo. Hapo ndo hasara ilipoanzia.

Kinachonichekesha ni kwamba maneno tulikuwa nayo. Mtu wa Tanga huwezi kumwambia hajui maneno. Chuoni tuna miaka tisa, kumi, wavulana upande huu wasichana upande ule, tunaimba kwa pamoja mambo sita yanayowajibisha josho, tunayumba na kuyumba, kuingiliana, kutokwa na manii, hedhi, nifasi, kuzaa, kufa. Kwa sauti ya juu, mlango wazi, wauza samaki wanapita na baiskeli zao. Ukimuuliza maalim manii ndo nini anakwambia endelea. Tukaendelea. Nimekuja kufikiria sasa, chuo kilikuwa mbele kuliko shule na kuliko nyumbani, angalau kilitaja. Mwanangu naye kapita hukohuko, ndo maana hata lile swali lake lilikuja kwa mlango wa saumu, maana ndo mlango pekee aliojua uko wazi.

Shuleni sisi tulipata Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera 1983, kwa hiyo kizazi chetu balehe na ule ugonjwa vilitukuta kwa pamoja, na somo lilikuwa ni picha ya mtu mifupa mitupu na pembeni kaburi. Unatoka hapo unajua namna ya kufa tu.

Nikiwa na 16 kulikuwa na kijana wa Chumbageni ana Phoenix nyeusi, ameipamba rimu kwa nyuzi za rangi. Tanga baiskeli ilikuwa ndo gari, asiyejua hajakaa Tanga. Alikuwa ananipakia nikitoka tuisheni, mpaka siku moja tukapitiliza ufukweni Raskazone jioni, maji yametoka, tukakaa kwenye mawe. Nilimpenda, nisijifanye. Nilitaka anishike mkono akanishika mkono. Alafu akataka zaidi ya mkono na mimi sikutaka, na kati ya kule kutaka na kule kutotaka sikuwa na neno hata moja la kusema. Somo alinifundisha namna ya kumwamkia mume. Shangazi alinifundisha kukimbia. Hakuna aliyenifundisha sentensi fupi tu ya "hapa basi". Nikakaa mgumu kama gogo, nanyamaza, naangalia kile kisiwa cha Toten kule mbele. Kilichoniokoa ni wavuvi wawili walipita wanaburuta wavu, mmoja akakohoa kile kikohozi cha watu wazima. Kijana akasimama. Akanirudisha nyumbani, njia nzima anapiga stori za mpira, na sidhani kama mpaka leo anajua kuna kitu kilitokea. Nimemfikiria sana yule kijana mwezi ule wa Ramadhani, kuliko nilivyowahi kumfikiria nikiwa nampenda. Hakuwa mbaya. Nani alimwambia chochote?

Rafiki yangu wa dawati moja hakupitiwa na wavuvi. Yeye na mwenzie walikuwa wanahesabu, kwa daftari kabisa, siku 14 baada ya siku zake wanaziogopa na nyingine wanaziona salama. Hawakujua kwamba yai linatoka kama wiki mbili kabla ya hedhi inayokuja, na hedhi ya msichana wa miaka 16 inakuja lini anajua nani, na mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai ndani mpaka siku 5 zinasubiri. Ilikuwa 1998. Pale shuleni wasichana tulikuwa tunapangwa mstari tunaminywa matumbo, matroni anapita na vidole vyake vya baridi, akafika kwake akarudia mara mbili. Alitoka na begi lake kabla ya mapumziko. Mvulana alikuwa kidato cha nne shule nyingine, alifanya mtihani wake akafaulu akaendelea na maisha, na tulimpongeza. Nakumbuka nilimpa mkono. Ule waraka wa kuruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani ulitoka Novemba 2021, mtoto wa rafiki yangu ana miaka 22. Tunakutana Mgandini sokoni, ana meza ya viungo, ananizidishia hiliki kila mara na mimi kila mara nashindwa kusema nilitaka kusema nini.

Hayo ndo yaliyokuwa nyuma ya ile sentensi ya daku. Nilivyomwona mwanangu na beseni sikumwona yeye, nilimwona yule wa kidato cha nne aliyefaulu.

Nikampigia baba yake. Ni dereva wa malori, siku zile yupo njiani kwenda Lubumbashi. Akacheka, "Mwache, atajua mwenyewe, kwani mi alinifundisha nani?" Nikamuuliza na ulijuaje. Mtandao ukakatika, au aliukata. Usiku ikaingia voisi ya WhatsApp, dakika tatu, muungurumo wa lori nyuma. Anasema alijulia kwenye kibanda cha video, miaka 13, wakubwa walikuwa wanawaingiza watoto saa nne usiku kwa nauli ya shule, na alichokiona alidhani ndo mke anavyotakiwa kufanyiwa, alafu akanyamaza, nasikia indiketa inalia tik tik, akasema, "Mwanzoni nilikutesa, samahani." Ndoa ina miaka 17. Nilisikiliza ile voisi mara nne jikoni na kitunguu mkononi.

Alafu wanaume wa zamani walikuwa na jando. Sisemi lilikuwa zuri lote, wazee wakisimulia ngariba na vile vipigo mi nachoka, lakini kijana alikuwa anaingia huko anajielewa, anatoka kaambiwa kitu na watu wazima. Wa kwangu ametahiriwa hospitali ana miezi mitatu. Kidonda kilipona kabla hajaota jino. Tumechukua kisu tumeacha mafunzo, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimesahaulika kwenye ule mfuko.

Baada ya tarawehe siku moja tuko barazani na mama, anachambua mchele, nikamuuliza na wewe ilikuwaje. Sijawahi kumuuliza mama yangu hilo swali maishani. Nilidhani atanifukuza. Akaendelea kuchambua, akasema yeye aliolewa 1975, ana miaka 15. Sheria ya ndoa ya 1971 iliruhusu hivo kwa msichana, mzazi akikubali, ilikuja kupingwa mahakamani mpaka Mahakama ya Rufani 2019 ikasema vifungu hivo havifai. Mama hayo hayajui na hana haja nayo. Alichosema ni kwamba waliingia chumbani wakamuuliza, unakubali kuolewa na fulani? Hakujibu. Nje wakapiga vigelegele. "Kwetu kunyamaza ndo kukubali," akasema, "sasa mimi nilikuwa nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nafikiria nani atamlisha kuku wangu." Akapuliza makapi. Akasema mambo ya mwili aliyajua siku ileile yalipomfika. Sitaki mashehe wanijie juu, sizungumzii fiqhi hapa, nazungumzia msichana mmoja na kuku wake.

Siku iliyofuata tulikuwa tunamenya mihogo ya futari, mimi na kijana wangu, uani, kila mtu na kisu chake na macho kwenye muhogo. Nawashauri sana muhogo. Unamenyeka kwa kuangalia chini na hauishi haraka. Nikaanza na duka la Mpemba. Nikamsimulia yote, unga wa sembe, jivu na limao, kanga tumboni, mpango wa Pangani. Mtoto alicheka mpaka akaangukia kwenye maganda. Ndo nikamwambia, kwa hiyo ile siku ya daku na mimi nimekufanyia kama alivyonifanyia shangazi, nisamehe, hebu tuanze upya. Kuota ni kawaida, wavulana wengi inaanza kati ya miaka 12 na 15, haimaanishi umewaza mabaya, haimaanishi unaumwa, mwili unatengeneza mbegu na nyingine zinatoka zenyewe. Wengine wanaota sana na wengine hawaoti kabisa. Unaoga, unafua, unakula daku. Na saumu yako nzima.

Akasema "sawa". Sawa ya kweli hii, zile nyingine nazijua.

Nikamuuliza na video je. Kisu kikasimama. Nikasema sikupigi. Akasema kuna mwenzie darasani ana simu. Nikamwambia wale wanalipwa, picha zinakatwa na kuunganishwa, hakuna anayeishi vile, na baba yako atakwambia zaidi akirudi kwa sababu naye alidanganywa hukohuko. Hapo ndo aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Baba? Ndio, baba.

Alafu likaja lile nililokuwa naliogopa. "Kwani mama na wewe ulikuwa na mchumba?"

Sikumwambia yote. Sioni kwamba mzazi ana deni la kusimulia yote, kuna mambo ni yangu na nitaondoka nayo. Nilimwambia baiskeli, nyuzi za rangi, mawe ya Raskazone, na kwamba palikuwa na kitu sikukitaka na nilinyamaza mpaka wavuvi wakapita. Akamenya kidogo. Akauliza, "Sasa yule kaka angejuaje?"

Wallahi nilikasirika. Sekunde mbili nilitaka kumrushia muhogo. Alafu nikaona ni swali la haki, na kwamba ni mimi sijawahi kujiuliza, miaka yote nilikuwa namlaumu kijana au najilaumu mwenyewe. Nikamwambia angeuliza. Mdomo anao. Na akiona mtu kakakamaa kama gogo, haangalii, hacheki, haongei, aache, asisubiri mpaka aambiwe.

"Wenzangu wanasema akinyamaza ndo kakubali."

Nikawa natafuta namna ya kulijibu hilo, namtafuta daktari, natafuta aya, natafuta sheria tena, na kabla sijapata, dirisha la chumba cha mama yangu, ambaye tulijua kalala, likatoa sauti:

"Mimi nilinyamaza."

Basi, hakuongeza kitu. Mtoto alibaki anaangalia dirisha. Pazia halikutikisika. Nikachukua mihogo nikaenda kuweka nazi jikoni kwa sababu macho yangu hayakuwa mazuri, na nyuma nikamsikia anasogeza beseni, anamalizia iliyobaki.

Baba yake alirudi baada ya Idi. Walienda wenyewe wawili Sahare kununua samaki wakakaa masaa matatu, wakarudi na samaki wawili wadogo na hakuna aliyesema kitu, na mi sikuuliza.

Wiki jana nimeamka jua limeshatoka, nakuta shuka la kijana kwenye kamba, katikati ya uani, limetandazwa kote, halijafunikwa na kitu, na mwenyewe keshaenda shule. Mama yangu katoka na kijiti chake cha mswaki mdomoni, akalitazama shuka, akalishika ncha.

"Mfundishe kuligeuza," akasema. "Upande wa maua unapauka."